Ngozi ya viti ndani ya ndege za simuleta: kwa nini zetu zinaonekana plastiki, na namna ya kuzirekebisha

RubaniMezani (Dar es Salaam)

Wakuu, habari zenu.

Nafungua uzi huu kwa ajili ya wenzangu tunaotengeneza ndege za simuleta (programu za kurusha ndege kwenye kompyuta), au tunaobadilisha muonekano wa ndani wa ndege tulizonazo. Kwa rangi za nje jukwaa letu liko vizuri, watu wanatoa kazi safi za ndege za hapa nyumbani. Ndani ndiko kunakoniuma. Unakaa kiti cha rubani, unageuza shingo kutazama kiti cha pembeni, na unachokiona ni plastiki iliyopakwa rangi ya kahawia.

Kazi niliyo nayo mezani sasa ni Cessna 208B Caravan kwa ajili ya Microsoft Flight Simulator (MSFS). Nimeichagua kwa sababu ni ndege ndogo ambayo watu wengi wa huku kwetu wameipanda: Mafia, Zanzibar, Seronera, Masai Mara, kote inatua. Abiria wanakaa karibu kabisa na rubani, wanaona kila kitu. Mtu aliyewahi kuipanda akiingia kwenye ndege yangu, nataka akitambue kiti.

Msimamo wangu ni kwamba ngozi haiji kwa rangi. Inakuja kwa vipimo na kwa mng'ao. Rangi ukipishana nayo kidogo hakuna atakayegundua, maana viti halisi vina rangi za kila aina. Lakini ukipishana na ukubwa wa vitundu vya ngozi, au ukaacha kiti kizima king'ae sawasawa, jicho linakataa papo hapo hata kama mwenye jicho hajui limekataa nini.

Tuanze na vipimo. Tuseme nyuso za kiti ukizikunjua zinajaza mita moja kwa mita moja. Ukizipa tekscha (picha inayofunika umbo) ya pikseli 2048 kwa 2048, kila pikseli inabeba karibu nusu milimita. Ukizipa ya 4096, inabeba karibu robo milimita. Vitundu vya vinyweleo na vimikunjo vya ngozi ya ng'ombe iliyosindikwa vingi viko kwenye kipimo hichohicho au chini yake. Kwa hiyo hata ukitumia tekscha kubwa, mchoro wa ngozi hauwezi kuingia humo na ukubwa wake wa kweli. Ndiyo maana wengi tunaukuza mara tatu, mara nne, ili angalau uonekane, na kiti kinageuka ngozi ya mamba.

Njia iliyonyooka ni kutumia tabaka mbili. Tabaka la kwanza ni tekscha ya kiti chenyewe: mikunjo mikubwa, mishono, uchakavu, uchafu, vivuli vya kwenye mianya. Hapo 2048 inatosha. Tabaka la pili ni kipande kidogo cha ngozi kinachojirudia, cha sentimita 10 kwa 10, pikseli 1024. Hicho kinakupa pikseli moja kwa kila sehemu ya kumi ya milimita, na vitundu vinakaa humo vizuri. Matiriali (mipangilio ya muonekano wa uso) ya MSFS ina nafasi maalumu ya tekscha za undani, yaani rangi, nomali (picha inayoonyesha uso umeinama wapi), na ile ya pamoja ya vivuli, rafunesi (ukwaru) na metaliki (uchuma), pamoja na kizidishi cha UV (ramani ya nyuso zilizokunjuliwa). Kama UV yako nzima ni mita moja, kizidishi ni 10. Usikisie kwa macho, piga hesabu.

Sasa mng'ao. Ngozi si chuma, kwa hiyo metaliki ni 0 kila mahali isipokuwa kwenye vifungo vya mikanda na reli za kiti. Ukiitazama moja kwa moja inaakisi karibu asilimia 4 ya mwanga, sawa na vitu vingi visivyo vya metali, na sheda (programu inayokokotoa mwanga) inalishughulikia hilo yenyewe. Kilichobaki mikononi mwako ni rafunesi, inayoamua mng'ao usambae au ukusanyike. Mimi naanza na 0.55 hadi 0.6 kwa ngozi mpya yenye rangi ya kupakwa, nashuka hadi 0.38 au 0.4 mahali pa kusuguliwa kila siku, napanda hadi 0.7 kwenye mianya inayokusanya vumbi. Namba moja kwa kiti kizima ndiyo plastiki yenyewe.

Na tafadhali, tusichore vivuli wala mng'ao ndani ya albedo. Albedo ni rangi tupu. Hata ngozi nyeusi isishuke chini ya 30 kwenye kipimo cha 0 hadi 255, la sivyo kiti kinakuwa shimo jeusi na kazi yote ya nomali inapotea humo.

Karibuni tuchangie.

---

MvitaJuu (Mombasa)

Ahsante ndugu yangu, nimekusoma vizuri. Swali langu ni hicho kipande cha sentimita 10. Mimi huchukua picha ya ngozi mtandaoni, naitia kwenye programu, inanitolea nomali kwa kubonyeza mara moja. Lakini nikiiweka kwenye kiti, vitundu vingine vinatoka nje kama vipele badala ya kuingia ndani. Nini sababu?

---

RubaniMezani

Ndugu MvitaJuu, programu ikipewa picha moja inabashiri tu. Inachukulia kwamba kilichong'aa kiko juu na chenye giza kiko chini. Ngozi yenye madoa, au iliyopigwa picha chini ya mwanga wa pembeni, inaidanganya. Halafu picha ya mtandaoni haikwambii ukubwa wake: je, hizo ni sentimita 5 au 20? Ukubwa usiojulikana unaturudisha kwenye mamba.

Tumia skana ya kawaida ya mezani, ile ya kuskania vyeti, kwenye duka lolote la steshenari ipo. Skana nyingi za aina hiyo zinamulika kutoka upande mmoja wa ule mstari unaosoma, kwa hiyo kila kitundu kinaacha kivuli chake upande mmoja. Wanaoskani picha hilo linawaudhi. Sisi tunalihitaji.

Tafuta kipande halisi cha ngozi, kiasi cha sentimita 12 kwa 12. Chagua rangi hafifu, kijivu au krimu, kwa sababu nyeusi inameza vivuli na yenye mng'ao mkali inarudisha taa. Rangi yenyewe hatutaitumia. Toboa pembe nne kwa sindano ili upate alama za kulinganishia. Zima marekebisho yote ya skana, ya rangi na ya kunoa picha. Weka kipande, juu yake kitabu cha uzito wa wastani ili kilale bila kupondwa, kisha skani kwa nukta 600 kwa inchi. Kigeuze robo mzunguko, skani tena, hivyo hivyo mpaka ukamilishe pande nne.

Fungua picha zote nne ndani ya GIMP (programu ya kuhariri picha), zizungushe zirudi mkao mmoja, na zilinganishe kwa yale matundu ya sindano mpaka zikae juu ya nyenzake barabara. Sasa una kipande kimoja kilichomulikwa kutoka kulia, kushoto, juu na chini. Chukua ya kulia, weka juu yake ya kushoto ikiwa imegeuzwa rangi, uipe nusu ya uwazi. Matokeo yake ni kijivu cha kati palipo tambarare, kinachong'aa panapoinama kulia na kufifia panapoinama kushoto. Hiyo ndiyo chaneli nyekundu ya nomali yako. Fanya vilevile kwa ya juu na ya chini, upate ya kijani. Bluu ijaze nyeupe, unganisha chaneli tatu, halafu pitisha kwenye programu yoyote inayoweza kusawazisha urefu wa vekta (mishale ya mwelekeo).

Madoa ya rangi yanaonekana sawa kwenye picha zote, kwa hiyo ukitoa moja kwenye nyingine sehemu kubwa ya madoa inaondoka. Kinachobaki ni mteremko wa uso wa ngozi yenyewe, na kitundu kinakuwa kitundu kwa kuwa skana imekiona kutoka pande zote nne.

Baada ya hapo ondoa mawimbi makubwa: nakili picha, itie ukungu mwingi, itoe kwenye ya awali, ubaki na mchoro mdogo peke yake. Ukiacha mawimbi, kipande kikijirudia mara kumi kwenye kiti utaona safu za miraba. Sogeza picha nusu kwa nusu ili kingo zije katikati, ziba mshono kwa zana ya kuponya. Ukiziba, usizungushe kiraka. Kwenye nomali rangi ni mwelekeo, na kiraka kilichozungushwa kitamulikwa kutoka upande usio wake.

Wastani wa picha zote nne usiutupe. Unaonyesha mianya ya mchoro, nami naupunguza nguvu na kuuchanganya kwenye rafunesi ya tabaka la undani, ili ndani ya vitundu pawe na ukavu kidogo kuliko juu.

---

FundiSiti (Gerezani)

Wakubwa mimi si mtu wa kompyuta, kijana wangu ndiye amenionyesha uzi huu akasema hawa wanaongelea kazi yako. Nashona siti za magari miaka mingi na niliwahi kushirikishwa kwenye siti za ndege ndogo chini ya mhandisi wao. Nitasema ninayoyaona kwenye picha mlizoweka.

La kwanza, mnachora mshono kama mstari. Mshono si mstari. Siti imekatwa vipande kwa patani: cha katikati, vya pembeni, cha mbele, cha nyuma. Kila kipande nakitafutia mahali pake kwenye ngozi. Ngozi ya mgongoni ni ngumu, mchoro wake umebana. Ya tumboni imelegea, inavutika, mchoro wake umefunguka. Fundi mwenye adabu ataweka ya mgongoni pale mtu anapokalia na ya tumboni ataificha ubavuni au nyuma. Kwa hiyo mchoro hauvuki mshono. Unakatika. Upande huu umelala hivi, upande ule umelala vile. Kwenye picha zenu mchoro unapita juu ya mshono kama vile siti nzima ni kipande kimoja cha ngozi, na hapo ndipo mimi nilipojua si kweli kabla sijatazama kingine chochote.

La pili, ngozi inashonwa juu ya sponji nyembamba. Uzi unazama. Kati ya tundu na tundu ngozi inavimba kidogo, na pale sindano ilipoingia inabonyea. Ukitazama pembeni utaona vilima vidogo vidogo vimefuatana. Pua ya mshono (kutoka tundu hadi tundu) kwa siti naiweka milimita 4 hivi, mistari miwili ya juu naiacha milimita 5 au 6 kila upande wa maungio. Kwenye kona zinaanza kubanana na ngozi inakunja vikunjo vifupi vinavyotoka kwenye mshono kwenda nje.

La tatu, siti nyingi mnazoziita ngozi ni ngozi katikati na reksini (ngozi bandia) pembeni na nyuma. Reksini mchoro wake umegongwa na mashine, unajirudia, na haukunjiki kama ngozi. Mkiweka vitu viwili hivyo kwenye kiti kimoja mtaona tofauti.

---

RubaniMezani

Fundi, heshima yako. Umenipa kitu ambacho video za mafunzo hazisemi.

Kwa wenzangu, naligeuza neno la fundi kuwa kazi ya UV: kata UV palepale fundi anapokata patani. Siyo pale programu inapopendekeza, wala pale panaporahisisha upangaji. Kila kipande cha ngozi kiwe kisiwa chake (kipande cha pekee kwenye UV), na kila kisiwa ukizungushe kidogo, digrii kadhaa, ili tabaka la undani likija juu yake mchoro ukatike kwenye mshono wenyewe. Hupotezi chochote, maana mpasuko wa UV ambao siku zote tunahangaika kuuficha sasa unajificha chini ya uzi.

Sharti moja. Visiwa vyote viwe na msongamano mmoja wa pikseli. Kisiwa ukikipunguza ili kiingie kwenye nafasi, mchoro wake utakua na kuwa mkubwa kuliko wa jirani yake. Kwenye Blender (programu ya kuchonga maumbo ya 3D) kuna amri ya kusawazisha ukubwa wa visiwa, itumie kabla ya kupanga, na ukipanga usiruhusu kipande kimoja kipimwe upya peke yake.

Kwa mishono, mimi nafanya utepe. Natengeneza mshono mmoja wa urefu mfupi wenye vile vilima na mabonyeo ya fundi, unaojirudia, kisha napitisha utepe mwembamba wa meshi (umbo la 3D) juu ya maungio. Pua ya milimita 4 kwenye tekscha ya 2048 ni pikseli 8 tu, uzi unakuwa ukungu. Kwenye utepe unaweza kuipa pikseli 64 bila gharama kubwa.

---

Kipanga_KE (Nairobi)

Niaje wasee. Hii thread iko sawa kabisa. Nimejaribu hiyo ya skana na kipande nilichopata kwa fundi wa Kirinyaga Road. Ndani ya Blender inakaa poa sana, lakini nikiingiza kwenye MSFS vitundu vyote vinatoka nje tena. Kushoto na kulia kuko sawa, juu na chini ndiyo imegeuka.

---

RubaniMezani

Kaka, hiyo ni chaneli ya kijani. Blender inafuata mpangilio wa OpenGL, MSFS inafuata wa DirectX, na tofauti yao ni mwelekeo wa kijani tu. Igeuze kijani kwenye faili la mwisho, nyekundu usiiguse. Kuhakikisha bila kufungua simuleta, tazama chaneli ya kijani peke yake: donge likionekana limemulikwa kutoka juu, ni OpenGL. Likimulikwa kutoka chini, ni DirectX.

Na ukiwa ndani ya Blender, albedo peke yake ndiyo inayosomwa kama sRGB (rangi za kutazamwa). Nomali na ile ya pamoja ziweke Non-Color (namba tupu, si rangi), la sivyo rafunesi ya 0.5 uliyoichora siyo utakayoiona. Ile ya pamoja mpangilio wake ni nyekundu vivuli, kijani rafunesi, bluu metaliki.

---

BintiMaskati (Maskati)

Assalaam alaykum jamani. Mimi niko upande wa simuleta nyingine, X-Plane 12. Kaka RubaniMezani, nikichukua hizi faili zako nizitumie huku nitabadilisha nini?

---

RubaniMezani

Wa alaykum salaam dada. Huko hakuna faili la pamoja. Nomali ya X-Plane inabeba yote: nyekundu na kijani ni mwelekeo, bluu ni metaliki ukishaandika NORMAL_METALNESS kwenye faili la OBJ (faili la umbo), na alfa (chaneli ya nne) ni ulaini. Ulaini ni kinyume cha rafunesi, kwa hiyo geuza: palipo 0.6 weka 0.4. Kwa ngozi bluu inabaki nyeusi tupu.

---

Mwanahewa

Mnajitesa bure. Kuna maktaba za matiriali zimejaa ngozi za kila aina, zimepigwa kitaalamu, nyingine za bure. Nachukua moja, naipanua 4096 kote, naenda zangu kuruka. Na kompyuta za sasa zina nguvu.

---

RubaniMezani

Mkuu, maktaba hizo ni nzuri na hakuna anayezikataa. Ila nyingi zilipigwa kwa ajili ya makochi na magari ya kifahari, ngozi laini yenye mikunjo mikubwa. Ukiitandaza kwenye kiti cha Caravan inakaa kama kochi ndani ya ndege.

Kuhusu nguvu za kompyuta, hesabu ni hii. Tekscha ya 4096 iliyobanwa kwa BC7 inakula baiti moja kwa pikseli, yaani megabaiti 16, na nakala zake ndogo, zinazotumika kitu kikiwa mbali, zinaipandisha hadi 21 hivi. Ukiwa na tatu, albedo, ya pamoja na nomali, umefika 64 kwa viti tu. Njia ya tabaka mbili: tatu za 2048 ni 16 kwa jumla, na vipande viwili vya undani vya 1024 havifiki 3. Umetumia 19 badala ya 64, na mchoro wako ni mkali zaidi ya mara mbili. Anayeruka kwa kompyuta ndogo au kwa kofia ya VR anakushukuru, na huyo wa VR ndiye anayeinama kukitazama kiti kwa karibu.

---

MzeeHanga (Nairobi)

Vijana, nawasoma kwa furaha. Nimestaafu, nilikuwa kwenye matengenezo ya ndege pale Wilson. Nina ya kuongeza kuhusu uchakavu, kwa sababu naona mnauchora popote penye kingo.

Uchakavu unafuata mwili wa mtu anavyoingia. Kwenye Cessna ndogo rubani anaingia kwa mlango wake wa kushoto, anapandisha mguu, anajiburuta juu ya ukingo wa nje wa kiti. Ukingo huo wa kushoto, mbele kidogo, ndio unaong'aa kwanza na kupasuka kwanza. Wa kulia unabaki mzima miaka. Kwenye ndege kubwa mambo yanageuka. Kapteni anatokea katikati, anapita kando ya meza ya vidhibiti, na kiti chenyewe kinarudi nyuma na kwenda upande wa dirisha ili apite. Hapo ukingo wa ndani ndio unaosuguliwa, pamoja na mkono wa kiti wa upande huo, ule unaokunjwa kwenda juu. Kwenye Airbus msitupe mkono wa nje wa kapteni, kwa sababu ndio anaouegemeza kiwiko akiruka kwa fimbo ya pembeni. Unachakaa juu, sehemu ya mbele.

Jua nalo lina upande wake. Juu ya mgongo wa kiti na mahali pa kichwa panapauka kwanza, chini ya mapaja rangi inabaki ilivyotoka.

Na mjue vifaa vya ndani ya ndege lazima vipite kipimo cha moto. Kwa ndege kubwa za abiria sheria ya Marekani, 14 CFR 25.853, inataka kitambaa au ngozi ya kiti isimamishwe wima na kuwashwa kwa sekunde 12, kisha moto ujizime wenyewe ndani ya sekunde 15, na sehemu iliyoungua isizidi inchi 8. Ndiyo maana huwezi kushona kiti cha ndege kwa ngozi yoyote uliyoipenda dukani. Mkichora upande wa chini wa kiti, wekeni lebo ndogo iliyoshonwa. Ipo kwenye viti halisi na hakuna anayeichora.

---

RubaniMezani

Shikamoo mzee wetu. Hili la mlango nimelichukua lilivyo. Kwenye Caravan yangu nimeweka uchakavu ukingo wa kushoto wa kiti cha rubani, na kiti cha kulia nimekiweka ukingo wake wa kulia kwa kuwa nacho kina mlango wake, ila kwa nguvu ndogo, maana kiti hicho hakikaliwi kila safari.

Tukiuweka kwenye ramani, uchakavu una hatua tatu na si hatua moja. Kwanza rafunesi inashuka, kwa kuwa mchoro umelazwa na kusuguliwa, rangi haijaguswa bado. Kisha nguvu ya nomali ya undani inapungua mahali hapo, vitundu vinazibika. Mwisho kabisa rangi ya juu inakatika kwa nyufa fupi na ngozi ya ndani inaonekana, hafifu zaidi na kavu. Wengi tunarukia hatua ya tatu, tunapaka mikwaruzo myeupe kwenye albedo, tunaziacha mbili za kwanza. Kiti cha ndege inayotunzwa vizuri hakifiki hatua ya tatu kabisa. Kinaishia ya kwanza, na ya kwanza inaonekana pale tu mwanga unapokuja kwa pembe.

---

Kipanga_KE

Kijani nimegeuza, imekubali, asante kaka. Sasa nina shida ingine. Nikiwa karibu ngozi ni kavu vizuri. Nikirudi nyuma hadi viti vya abiria, viti vya mbele vinaanza kung'aa kama vimepakwa mafuta, na nikisogeza kichwa vinametameta.

---

RubaniMezani

Hilo linatokana na zile nakala ndogo za mbali. Mashine ikipunguza nomali, inachukua wastani wa pikseli jirani. Mteremko wa kulia na wa kushoto wa kitundu unajifuta, uso unabaki tambarare, lakini rafunesi imebaki ileile. Kwa hiyo ngozi ya mbali imepoteza vitundu vyake bila kupewa kitu cha kuvifidia, na inang'aa.

Tiba yake inaitwa mbinu ya Toksvig, kwa jina la mhandisi wa Nvidia aliyeiandika mwaka 2004. Kwa ufupi, unapima vekta za nomali zimefupika kiasi gani baada ya kuchukuliwa wastani. Zilizofupika sana zinaonyesha palikuwa na vitundu vingi, basi unaongeza rafunesi kwenye nakala hiyo kwa kiwango hicho. Ukiwa na zana ya kutengeneza nakala moja moja, fanya hivyo. Ukiwa huna, pandisha rafunesi ya tabaka la kwanza kwa 0.05 hadi 0.08 na upunguze nguvu ya nomali ya undani kidogo. Utapoteza ukali kiasi kwa karibu, lakini kumetameta kunatulia.

Na wote mnaopima kazi zenu: msipime saa sita mchana jua likiwa utosini. Weka saa kumi na mbili kasoro jioni, uwanja wa Arusha, ndege ielekee kaskazini ili jua liingie kwa dirisha la kushoto likiwa chini. Tazama kiti cha kulia, mng'ao unatakiwa uvunjike kwenye mikunjo na kwenye ile sehemu iliyosuguliwa. Kisha weka mawingu mazito, mng'ao ukaribie kupotea wote na mchoro ubaki unasomeka kidogo. Kisha usiku, taa za ndani zikiwa zimefifishwa. Kiti kikipita hali hizo tatu, kiko tayari.

---

BintiMaskati

Nimefuata yote, kiti changu cha kulia kimekaa vizuri mashallah. Sasa nataka kufanya viti vya marubani wa Boeing vilivyofunikwa kwa manyoya ya kondoo. Hapo skana inafaa?

---

MzeeHanga

Hayo manyoya yapo kweli, binti, kwenye Boeing na Airbus nyingi. Rubani akikaa saa nane mfululizo hataki ngozi inayonata jasho.

---

RubaniMezani

Dada, skana haitafaa. Inaona vizuri kile kilicholala kwenye kioo tu, na manyoya yana kina. Hayo yanahitaji tabaka za meshi zenye uwazi zilizopangwa juu ya nyingine, na hesabu yake ya kumbukumbu ni tofauti kabisa. Yafungulie uzi wake, nitakuja na picha za nilichojaribu.

---

FundiSiti

Mnaohitaji vipande vya kuskania, mabaki ya ngozi na ya reksini yapo hapa kwangu Gerezani, ya rangi hafifu pia. Njooni na mkasi wenu, na mniambie mapema kama mnataka ya mgongoni au ya tumboni niwatengee.